Kupima Kabla ya Kufungua: Uchakavu wa Giaboksi za Otomatiki katika Pikapu za Dizeli

Pikapu ya dizeli iliyopakia magunia ya mbolea inapopanda mlima Kitonga, mkoani Iringa, sehemu kubwa ya kazi hufanyika mahali ambapo dereva hapaoni. Injini husikika, moshi huonekana, na mshale wa joto la maji huangaliwa kila mara. Lakini giaboksi, iliyojificha chini ya sakafu ya gari, hutumika kimya kimya mpaka siku inaposhindwa. Siku hiyo injini huvuma kwa nguvu, mshale wa mizunguko hupanda, na gari halisogei. Hukumu hutolewa palepale kando ya barabara: "Giaboksi imekufa." Mwenye gari hutajiwa bei ya giaboksi nyingine ya mtumba, au bei ya kuifungua ile ya zamani na kutia pleti mpya, na katika muda wa siku chache akiba ya msimu mzima hutoweka.

Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi. Giaboksi ya otomatiki haifi ghafla. Huchakaa kidogo kidogo, na katika kuchakaa kwake hutoa dalili zinazoweza kuonwa, kunuswa, kusikiwa na, lililo muhimu zaidi, kupimwa. Pleti zilizoungua ambazo fundi huzitoa na kumwonyesha mwenye gari ni matokeo ya ugonjwa. Chanzo chenyewe mara nyingi kimo mahali pengine. Giaboksi inayofunguliwa bila kupimwa, ikatiwa pleti mpya na kufungwa, ina hatari kubwa ya kurudi gereji na ugonjwa uleule. Jambo hili si la mafundi peke yao. Latwaa fedha za wakulima, za zahanati na za vikundi vya wananchi, ambao kwao pikapu moja ndiyo njia pekee ya kufika sokoni au hospitali.

Chombo chenyewe

Kwa msomaji asiyekizoea chombo hiki, yafaa kueleza kwa ufupi jinsi kilivyo. Katika gari la gia za mkono, injini huunganishwa na giaboksi kwa klachi kavu inayokanyagwa kwa mguu. Katika gari la otomatiki, mahali pa klachi hiyo pana bakuli la chuma lililofungwa na kujaa mafuta, ambalo mafundi huliita konveta. Ndani yake mna mapanga yaliyounganishwa na injini, na mapanga mengine yaliyounganishwa na giaboksi, yakitazamana. Mapanga ya injini huyasukuma mafuta, nayo mafuta huyasukuma mapanga ya giaboksi. Na katikati pana mapanga ya tatu yanayougeuza mkondo wa mafuta ili usukume tena. Kwa njia hiyo, gari linapoanza kuondoka, nguvu ya msokoto yaweza kuongezeka karibu maradufu. Wazo hilo ni la mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Magari yalilipokea miongo kadhaa baadaye.

Nyuma ya konveta zimo gia za sayari: gia moja katikati mfano wa jua, gia ndogo zinazoizunguka, na duara la meno linalozizingira zote. Meno ya gia hizo hayaachani kamwe. Mwendo hubadilishwa kwa kuishika sehemu moja na kuiachia nyingine. Kazi hiyo ya kushika na kuachia hufanywa na klachi za pleti nyingi zilizolowa mafuta, zinazobanwa na pistoni, na pistoni husukumwa na mafuta yenye presha. Presha hutoka katika pampu inayozungushwa na injini, na hugawanywa na bodi ya valvu, yaani pande la madini lenye vijia vingi vyembamba mfano wa mifereji ya shamba. Utando wa kushikia ulio juu ya kila pleti umetengenezwa kwa nyuzi mfano wa karatasi ngumu, na unene wake haufiki milimita moja.

Kutokana na maelezo hayo ladhihirika jambo moja: uhai wa giaboksi ya otomatiki ni mafuta yake. Mafuta ndiyo yanayosafirisha nguvu, ndiyo yanayobana klachi, ndiyo yanayolainisha beringi na ndiyo yanayoondoa joto. Yakipungua, yakichafuka au yakiungua, kazi zote nne huharibika kwa pamoja.

Wapo wanaosema kwamba otomatiki ni chombo dhaifu kisichofaa kazi ya dizeli. Neno hilo halisimami. Pikapu ya Toyota Hilux iliyotolewa mwaka 2015 ikiwa na injini ya dizeli ya lita 2.8 iliruhusiwa na watengenezaji wake kutoa nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 420 ilipofungwa giaboksi ya mkono, na 450 ilipofungwa ya otomatiki. Aliyeiunda aliiamini otomatiki zaidi. Lakini imani hiyo ilikuwa na sharti: kwamba mafuta yatakuwa safi, presha itatosha, na joto litaondolewa.

Joto na uchakavu

Konveta inapofanya kazi bila kufungamana, mapanga ya injini huzunguka kwa kasi kuliko ya giaboksi, na nguvu inayopotea katikati hugeuka kuwa joto. Ukubwa wa joto hilo waweza kukisiwa kwa hesabu nyepesi. Na ichukuliwe pikapu iliyonasa katika matope wakati wa masika, dereva akikanyaga akselereta huku magurudumu yakikataa kabisa kuzunguka. Ikiwa injini inatoa kilowati 40, zote huingia katika mafuta yaliyomo ndani ya konveta. Mafuta hayo yakiwa kilo 3, na kila kilo ikihitaji kilojuli 2 hivi ili kupanda digrii moja, basi joto lake hupanda karibu digrii 7 za Sentigredi kwa kila sekunde. Katika sekunde 5 zimeshapanda digrii zaidi ya 30. Dereva anayeshindana na matope kwa dakika nzima bila kupumzisha gari hawezi kushangaa giaboksi yake ikitoa harufu ya kuungua.

Kemia nayo ina neno lake. Tangu Svante Arrhenius, mwanakemia wa Sweden, alipoeleza mwaka 1889 uhusiano wa joto na kasi ya mabadiliko ya kikemia, imefahamika kwamba joto likipanda kidogo mabadiliko huenda kasi zaidi sana. Kwa mafuta ya giaboksi, mafundi na wahandisi hutumia makadirio haya: baada ya kupita digrii 80, kila ongezeko la digrii 10 hivi hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Mafuta yanayofanya kazi kwa digrii 110 yatadumu, kwa makadirio hayo, thumuni tu ya muda ambao yangedumu kwa digrii 80.

Mafuta yakishaungua hujenga utando kama vanishi juu ya valvu ndogo, nazo huanza kukwama. Sili za mpira hukakamaa, mafuta huvuja kupita kando ya pistoni, na presha inayobana klachi hupungua. Klachi isiyobanwa sawasawa huteleza. Kuteleza huzaa joto. Na joto huzidi kuyaharibu mafuta. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe. Fundi anayebadilisha pleti peke yake huukata mzunguko huo mahali pamoja tu, na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa.

Vyanzo vya joto na vya upungufu wa presha ni vya kawaida na vingi vyaonekana bila kufungua kitu: mafuta yaliyopungua, mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi, bomba la kipoza mafuta lililobonyea kwa kugongwa na jiwe, mzigo uliopita kiasi, na dereva anayepanda mlima mrefu akiwa ameiacha giaboksi katika gia ya juu kabisa, ikipanda na kushuka gia bila kutulia. Katika magari ya miaka ya nyuma kipo pia chanzo kimoja kidogo kinachosahauliwa mno, nacho ni kebo inayotoka kwenye akselereta hadi kwenye giaboksi. Kebo hiyo huijulisha bodi ya valvu jinsi dereva alivyokanyaga, ili presha iongezwe. Ikilegea, presha hubaki ndogo wakati mzigo ni mkubwa, na klachi nzima huteketezwa na kosa la kebo ambayo ingekazwa kwa spana mbili.

Vipimo vya gereji ya kawaida

Kupima hakuanzi na kompyuta. Kwanza ni mafuta yenyewe. Mafuta mengi ya otomatiki huwa mekundu na maangavu yakiwa mapya. Yakigeuka kahawia yamezeeka. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, pleti zimeteleza. Yakiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji ya rejeta yamepenya ndani ya kipoza mafuta, na hali hiyo ni ya hatari kubwa, kwa sababu maji na dawa ya rejeta hushambulia gundi inayoushika utando wa pleti. Giaboksi nyingi za kisasa hazina kijiti cha kupimia mafuta. Kiasi hupimwa kwa kufungua nati ya kufurikia mafuta yakiwa na joto lililotajwa katika kitabu cha gari, ambalo mara nyingi ni karibu digrii 40. Fundi anayepima mafuta yakiwa ya moto sana au baridi sana atakosea kiasi chake, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Sampu ikishushwa, sumaku zilizomo ndani yake nazo hutoa ushahidi. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku huashiria beringi, gia au pleti za chuma. Chembe za rangi ya shaba zisizonaswa huashiria bushi. Uchafu huo usifutwe kwa haraka kabla ya kusomwa.

Kipimo cha pili kinahitaji saa tu. Gari likiwa limesimama, breki imekanyagwa na mafuta yamepata joto la kazi, gia huhamishwa kutoka frii hadi mwendo wa mbele, na muda huhesabiwa mpaka mshtuko mdogo wa klachi kushika usikike. Kwa giaboksi kadhaa za Toyota muda huo haupaswi kufika sekunde 1.2, na kutoka frii hadi rivasi haupaswi kufika sekunde 1.5. Kipimo hurudiwa mara tatu na wastani kuchukuliwa. Klachi inayochelewa yaeleza kwamba presha ni ndogo au pleti zimepungua unene.

Cha tatu ni jaribio la kuizuia gari kwa breki huku akselereta ikikanyagwa hadi mwisho, na kusoma mizunguko ambayo injini inaweza kuifikia. Jaribio hili lina hatari. Magurudumu yatiwe vizuizi, asisimame mtu mbele wala nyuma, breki ziwe nzima, lisidumu zaidi ya sekunde 5 kwa sababu ya joto lililokwisha kuhesabiwa hapo juu, na kitabu cha gari kifuatwe. Matokeo yake yana maana iliyo wazi. Mizunguko ikiwa chini ya kiwango mbele na nyuma, injini ni dhaifu au mapanga ya katikati ya konveta hayashiki. Ikiwa juu ya kiwango pande zote mbili, presha ya mafuta ni ndogo. Ikiwa juu kwa mwendo wa mbele peke yake, klachi ya mbele yateleza; ikiwa juu kwa rivasi peke yake, klachi au breki ya rivasi yateleza. Kwa sekunde zisizozidi kumi fundi amekwisha kujua aelekee upande gani, ilhali bolti hata moja haijafunguliwa.

Cha nne ni geji ya presha, inayofungwa katika tundu lililoachwa na watengenezaji kwa kazi hiyo. Kwa giaboksi nyingi za pikapu, presha injini ikivuma polepole huwa kiasi cha kilopaskali 400, yaani kilo 4 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na wakati wa jaribio lililotajwa hupanda mara mbili au zaidi. Presha ikiwa ndogo, hakuna faida ya kutia pleti mpya mpaka ijulikane kwa nini ni ndogo.

Cha tano chahitaji chaki, futi ya kupimia na hesabu ya darasani. Tairi hutiwa alama ya chaki, gari husukumwa tairi lizunguke mara moja, na umbali hupimwa. Tuseme ni mita 2.4. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde, basi tairi huzunguka mara 555 hivi kwa dakika. Ikiwa uwiano wa difu ni 3.9, shafti huzunguka mara 2,165 hivi. Na ikiwa gia ya nne ina uwiano wa 0.705, kama ilivyo katika giaboksi ya Toyota A340, injini inapaswa kuzunguka karibu mara 1,530 konveta ikiwa imefungamana. Mwendo wenyewe wahakikishwa kwa nguzo za kilomita kando ya barabara: kilomita moja kwa sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa. Mshale ukionyesha 1,900 badala ya 1,530, ama konveta haikufungamana, ama klachi yateleza. Breki ikiguswa kidogo tu kwa mguu, konveta iliyofungamana hujiachia na mizunguko hupanda. Ikiwa mizunguko haikubadilika, konveta haikuwa imefungamana tangu awali.

Magari yenye kompyuta hufanya hesabu hiyohiyo yenyewe, kwa kulinganisha kasi ya shafti inayoingia na ile inayotoka. Alama P0730 maana yake ni kwamba uwiano wa gia si sahihi. Alama P0741 yahusu kufungamana kwa konveta. Lakini alama hizo ni mwanzo wa uchunguzi. Hazimwambii fundi kama kosa ni la waya, la valvu, la presha au la pleti. Kuinunua giaboksi kwa sababu kompyuta imetaja alama fulani ni sawa na kufungua bila kupima.

Ukarabati unaogusa chanzo

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mafundi wa otomatiki watautambua. Pikapu ya kikundi cha wakulima wa viazi yaanza kuteleza milimani. Giaboksi yafunguliwa, pleti zaonekana zimeungua, mpya zatiwa, na gari larudi kazini likienda vizuri. Baada ya miezi michache yateleza tena. Fundi alaumiwa kwamba ametia pleti duni, naye amlaumu dereva. Mara ya tatu mtu mwingine apima presha na kuikuta ndogo. Akagua kebo na kuiona imelegea. Apuliza kipoza mafuta na kutoa tope la pleti za kwanza, zile zilizoungua zamani, likiwa limeziba nusu ya njia. Fedha za matengenezo mawili zilikuwa zimekwisha kutumika kwa kosa la kebo moja na bomba moja.

Ukarabati ulio sahihi hupanda ngazi kwa utaratibu. Kwanza hurekebishwa vilivyo nje: kiasi cha mafuta, kebo, nyaya za solenoidi, bomba na kipoza mafuta. Pili hushushwa sampu na, ikibidi, bodi ya valvu, kazi ambayo katika giaboksi nyingi haihitaji kuitoa giaboksi garini. Tatu, vipimo vikilazimisha, ndipo giaboksi hufunguliwa yote.

Ikifunguliwa, usafi ni sharti la kwanza. Uzi mmoja wa tambara laweza kukwamisha valvu, na kwa hiyo sehemu hupulizwa kwa upepo wala hazifutwi kwa matambara ya pamba. Pleti mpya hulowekwa katika mafuta ya giaboksi kwa dakika zisizopungua 15 kabla ya kufungwa. Nafasi ya kila klachi hupimwa kwa geji na kulinganishwa na kitabu. Sili zote hubadilishwa, hata zile zinazoonekana nzima. Konveta iliyojaa uchafu wa pleti hubadilishwa au hupelekwa kwa wenye mashine ya kuikata, kuisafisha na kuichomea upya, na kipoza mafuta husafishwa mpaka mafuta yatoke maangavu. Mwisho, vipimo vilevile vilivyofanywa kabla hurudiwa, na tarakimu zake huandikwa. Gari lisilopimwa baada ya kutengenezwa haliwezi kusemwa kuwa limepona.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ya mafundi wengi ni ya fedha, nayo ina uzito. Mteja, husemwa, hulipa kwa kitu anachokiona: pleti, sili, giaboksi nzima iliyobebwa kutoka Gerezani au Ilala. Hakubali kulipia saa mbili za kupima ambazo mwisho wake ni karatasi yenye tarakimu. Fundi anayepima bure hufa njaa, na yule anayefungua mara moja ndiye anayelipwa.

Lawama hapa ni ya mteja kuliko ya fundi. Nchi hii imekwisha kujifunza somo hilo katika tiba. Kwa miaka mingi kila homa ilihesabiwa kuwa malaria, na mgonjwa alipewa dawa bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha tone la damu kikaenea hadi katika zahanati za vijijini. Wananchi walikubali kwamba kujua ugonjwa ni sehemu ya tiba. Hakuna sababu ya mwenye gari kukataa kukubali vivyo hivyo. Malipo ya kupima yatajwe waziwazi, yatengwe na malipo ya kutengeneza, na mteja apewe karatasi ya matokeo, hata akiamua kwenda kwa fundi mwingine.

Hoja ya pili ni kwamba mafuta mapya huiua giaboksi iliyochakaa, na kwa hiyo ni heri yale ya zamani yaachwe. Imani hii imezaliwa na tukio la kweli lililofasiriwa vibaya. Wenye magari wengi huyakumbuka mafuta siku gari linapoanza kuteleza. Yanabadilishwa, gari laendelea kuharibika, na mafuta mapya yabebeshwa lawama. Pleti zilikuwa zimekwisha kabla. Ni kweli kwamba kuisukuma giaboksi chakavu kwa mashine yenye presha kwaweza kung'oa uchafu na kuupeleka mahali pabaya. Lakini kumwaga mafuta kwa utaratibu, kubadilisha chujio na kutia mafuta ya aina iliyotajwa na watengenezaji ni jambo jingine. Aina hiyo iheshimiwe, kwa sababu kila aina ya mafuta ina mshiko wake juu ya pleti, na kuchanganya kwa kubahatisha hubadilisha jinsi klachi inavyoshika.

Hoja ya tatu ni kwamba giaboksi ya mtumba ni haraka zaidi. Mara nyingine ni kweli: gia zikiwa zimevunjika, au vipuri vikiwa havipatikani, kubadilisha nzima ndilo jambo la busara. Hata hivyo giaboksi ya mtumba nayo ina historia isiyojulikana, na hapana budi ishushwe sampu na kusomwa kabla ya kulipiwa. Na ikifungwa katika gari lenye kipoza mafuta kilichoziba au kebo iliyolegea, ni kumlaza mgonjwa mpya katika kitanda chenye kunguni walewale.

Wajibu wa kila mmoja

Tangu biashara ya magari ya mtumba kutoka Japani ilipopanuka, otomatiki imekuwa chombo cha kila siku katika miji na vijiji vya Tanzania, ilhali mafundi wengi walilelewa katika gia za mkono na kujifunza otomatiki kwa kubahatisha juu ya magari ya wateja. Vyuo vilivyo chini ya VETA, iliyoundwa mwaka 1994, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, vina nafasi ya pekee ya kuligeuza jambo hili. Mwanafunzi wa ufundi afundishwe kushika geji kabla ya kushika spana, na mtihani wake umpe giaboksi yenye kosa lililofichwa alitafute kwa tarakimu, wala asipimwe kwa wepesi wa kufungua na kufunga pekee. Gereji ndogo za mtaa mmoja zaweza kuchanga na kununua geji moja ya kushirikiana. Vitabu vya matengenezo vifasiriwe kwa Kiswahili, maana fundi hodari asiyesoma lugha ya kigeni hunyimwa nusu ya chombo chake cha kazi.

Dereva naye ana sehemu yake. Aangalie mafuta, aoshe rejeta, ashushe gia mwenyewe kabla ya mlima mrefu, na asishindane na matope kwa akselereta. Anapohisi gia imechelewa kushika, aseme siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika otomatiki ufa huo huonekana mapema kwa yeyote anayekubali kutazama.

Mwenye gari, kwa upande wake, aweke daftari: siku mafuta yalipobadilishwa, aina yake, kilomita, na matokeo ya kila kipimo. Daftari hilo gharama yake ni ndogo kuliko lita moja ya dizeli. Siku pikapu itakaposhindwa mlimani, hukumu isitolewe kando ya barabara kwa kusikiliza mvumo. Lifunguliwe daftari kwanza, ifungwe geji, zisomwe tarakimu. Na giaboksi ifunguliwe tu ikiwa vipimo vyenyewe vimesema hivyo.